Wakuu, sungura pori wenye mabaka meupe huku Kolo (Kondoa), ni aina gani hii?

Mtoto wa Pahi
Habari zenu wakuu, niende moja kwa moja. Nipo Kondoa, upande wa Kolo kuelekea Pahi, na kuna sungura pori naomba mnisaidie kuwatambua maana huku kila mzee ana lake. Sungura pori wa kawaida tunamjua wote, rangi ya majani makavu, masikio marefu yenye ncha nyeusi, mkia juu mweusi chini mweupe. Sasa huyu mwili ni huohuo ila ana ukanda mweupe pee umeanzia bega la kushoto ukapanda shingoni mpaka karibu na bega la kulia, na mguu mmoja wa mbele ni mweupe kama kavaa soksi. Nilimuona kwenye shamba la mbaazi jioni nikajua ni wa kufugwa katoroka kwa mtu, nikamsogelea, akalala chapa chini masikio kayalaza mgongoni, hatingishiki, mpaka nilipobakiza hatua chache ndo akachomoka, na mbio zile sio za sungura wa bandani hata kidogo. Baadae dogo mmoja anayechunga mbuzi akaniambia yupo mwingine ng'ambo ya korongo, nikaenda nikamkuta kweli, huyo ana doa jeupe kwenye paji la uso na mabaka kiunoni. Sio yule wa kwanza. Swali langu, ni aina nyingine ya sungura, ni ugonjwa, au wamechanganya damu na wa kufuga? Picha ninayo moja ya simu imetoka na ukungu ila ukanda unaonekana.

Kibubu
Wa kufuga huyo mkuu. Kuna mtu kaacha banda wazi. Uzi ufungwe.

Shamba Darasa
Usifunge uzi wa watu bana Kibubu. Mimi naona ni chotara, dume la kufuga limetoroka likapanda jike la porini, watoto ndo hao wenye mabaka. Hata kwa kuku wa kienyeji na kanga watu wanapata chotara.

Vetinari wa Kata
Naomba nirekebishe hapo kwa Shamba Darasa kabla watu hawajaanza kubeba majike porini. Sungura wa kufuga na huyu wetu wa porini hawazai pamoja. Wanafanana kwa macho tu ila ni wanyama wawili tofauti. Wa kufuga wote duniani wametokana na sungura wa mashimo wa Ulaya, ana kromosomu 44. Wa kwetu wa porini ni kundi jingine wanaloliita Lepus, ana kromosomu 48. Ukiwaweka banda moja wanaweza hata kupandana lakini mimba hakuna. Na tofauti kubwa unaiona kwenye watoto: wa kufuga anabeba mimba kama siku 31, anazaa vitoto havina manyoya, macho yamefumba, vinakaa kwenye kiota alichokinyonyolea manyoya yake mwenyewe. Wa porini anabeba zaidi ya siku 40, anazaa juu ya ardhi tu chini ya kichaka, mtoto anatoka ana manyoya na macho wazi na baada ya muda mfupi anaruka. Kwahiyo habari ya chotara tuiweke pembeni. Wa kufuga aliyetoroka bado inawezekana, hiyo siipingi.

Mama Mabanda (Nyeri)
Asante daktari umenisaidia kueleza. Niongezee kwa upande wa wafugaji. Mimi hufuga sungura miaka mingi hapa Nyeri na huo ukanda mweupe mabegani ni kitu cha kawaida sana kwa aina ya Dutch. Dutch ana uso wenye mstari mweupe katikati, mabega na miguu ya mbele meupe, sehemu ya nyuma ina rangi. Ukizalisha Dutch na wengine unapata watoto wa kila namna, mwingine na kola peke yake, mwingine soksi mguu mmoja, mwingine kidoa cha paji la uso tu. Kwa hivyo nikisoma vile Mtoto wa Pahi ameeleza hao wawili, moyo wangu unaniambia ni uzao wa Dutch. Lakini kaka niambie vitu vitatu: masikio yalikuwa marefu kushinda kichwa? ncha zilikuwa nyeusi? alipokimbia alishusha mkia ama aliuinua?

Mtoto wa Pahi
Mama Mabanda asante dada. Masikio marefu kupita kichwa, ncha nyeusi zote mbili, nina uhakika maana alilala karibu yangu. Mkia alipokimbia nimeona weusi juu na weupe pembeni. Miguu ya nyuma mirefu sana. Macho ni ya kahawia ya kawaida, sio mekundu.

Vetinari wa Kata
Basi ni wa porini. Ncha nyeusi za masikio, mkia wa rangi mbili na kulala kwenye makazi ya wazi bila shimo, hapo hakuna wa kufuga. Kubwa ni kwamba amekosa rangi sehemu ya mwili.

Kibubu
Daktari na wewe, kuna wa kufuga wenye masikio hayo, nimeona kwa jirani yangu Babati madude makubwa marefu ya Flemish. Huku watu walifuga sana kipindi kile cha kampuni ya kununua sungura, walituuzia mbegu kwa bei ya kuruka, wakaahidi watanunua kila kilo, siku ya kuvuna simu hazipokelewi na ofisi imehama. Watu walichoka kulisha. Kuna jamaa alifungua banda asubuhi akaziacha ziende zake makorongoni. Hao wameenda wapi? Hamuwezi kusema wote wameliwa.

Gari Bovu
Kibubu hapo umenikumbusha machungu. Shemeji yangu alikopa kikundi kwa ajili ya hao sungura, mpaka leo analipa.

Dada wa Singida
Poleni. Ila Kibubu tukirudi kwenye hoja, wa kufuga porini hachukui muda. Hajui kujificha, hana rangi ya kumficha, na huku kuna bweha, mondo, paka pori, fungo, chatu, tai, bundi, bado mbwa wa vijijini. Ndo maana pamoja na kufugwa miaka yote hii huku kwetu bara hujasikia sehemu yenye sungura wa kufuga wamegeuka wa porini wakajaa. Nilikosikia wamejaa ni visiwani kusiko na maadui, mfano Robben Island kule Afrika Kusini, Wadachi waliwapeleka karne ya 17 na vizazi vyao vikadumu karne nyingi. Kondoa sio kisiwa.

Kibubu
Kondoa sio kisiwa ila yale makorongo ya HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) ukiingia hutoki. Mwaka 1979 mradi ulipoanza ng'ombe walitolewa mule, vichaka vimerudi, mnyama anajificha vizuri tu.

Mzee wa Haubi
Salaam. Kibubu mwanangu, HADO ilianza 1973. Hiyo 1979 ndo mwaka tulioambiwa tutoe mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo mpaka punda, kwenye eneo lile lililomomonyoka, na nakumbuka vilio maana wengine walihamia mbali na ng'ombe zao wasirudi tena. Lakini ni kweli ardhi ilipona. Kabla ya hapo milima ya Irangi ilikuwa udongo mwekundu mtupu, korongo juu ya korongo, mvua ikinyesha maji yanashuka na shamba lako. Baada ya miaka kadhaa nyasi zikarudi, miombo ikachipua kwenye visiki, na wanyama wadogo wakarudi nao. Sungura tulianza kuwaona wengi kwenye vichaka mule. Sasa kuhusu hao wenye mabaka, mimi nilishamuona wa namna hiyo zamani, kabla hata ya hizo biashara za kufuga sungura za Kibubu. Alikuwa na kifua na shingo nyeupe. Kwahiyo sio jambo la jana.

Mtoto wa Pahi
Shikamoo mzee. Huyo wa zamani ulimuona upande gani?

Mzee wa Haubi
Marahaba. Chini ya Masange, njia ya kuteremkia kwetu Haubi.

Punda wa Kazi
Wadau mimi sina elimu ya kromosomu, nina punda. Punda ukimfunga mzigo vibaya anachubuka mgongoni na mabegani, kidonda kikipona manyoya yanaota meupe palepale na hayabadiliki mpaka anakufa. Waangalieni punda wa minadani wote mabega na mgongo vina alama nyeupe, hakuzaliwa nazo hata mmoja. Sasa sungura anakamatwa na nini? Tai na bundi. Wanamshika wapi? Mabegani na kiunoni. Akiponyoka na majeraha, manyoya yanarudi meupe. Huyo wa kwanza ukanda upo bega kwa bega, wa pili mabaka kiunoni, hizo ni kucha wakuu.

Bi Mtungi
Hii ya Punda wa Kazi imeniingia kabisa. Paka wangu aliungua na uji pajani, manyoya yakarudi meupe.

Mtego Huru
Na mimi naiboresha. Sio tai, ni waya. Mimi nimekulia Mpwapwa, tulitega sungura tukiwa wadogo, tunatumia kitanzi cha waya wa breki za baiskeli kwenye vipenyo vyao maana sungura ana njia zake anapita hapohapo kila siku. Unaweka kitanzi usawa wa kichwa chake, ngumi na kidole gumba kutoka chini. Akipita kinakaza shingoni. Kuna wanaokata waya wanaondoka nao, na kuna wanaoingiza mguu wa mbele pamoja na shingo, kinakaza mshazari kuanzia shingoni mpaka kwapani. Haya mrudi kwenye maelezo ya mleta uzi: ukanda unaanzia begani unapanda shingoni, na mguu mmoja wa mbele mweupe. Mguu mmoja! Mshazari! Hiyo ni alama ya kitanzi kabisa. Wawili wamepatikana bonde moja kwa sababu kwenye bonde hilo kuna mtu anatega.

Dada wa Singida
Mtego Huru hapo umeongea kitu. Mtoto wa Pahi angalia kama kuna watu wanatega.

Mtoto wa Pahi
Wapo, vijana wanatega, siwezi kubisha. Ila kaka Mtego, huo ukanda ni mpana, kama kiganja changu hiki. Waya si ungeacha mstari mwembamba? Na ngozi niliyoiona haina kovu, manyoya yamelala vizuri yanafuata mwelekeo uleule wa mengine.

Mtego Huru
Kidonda cha waya kinaoza kinatanuka mkuu, waya ukikaa siku nyingi unakula nyama pande zote. Nimeshaona shingo ya mbuzi aliyesahauliwa na kamba, upana wa vidole vinne. Kovu lililopona vizuri chini ya manyoya hulioni kwa macho mpaka umshike upapase.

Vetinari wa Kata
Hoja ya kovu ni ya kweli kitabibu, seli za rangi kwenye shina la unywele zikiharibika unywele unatoka mweupe. Ila mguu mzima mweupe mpaka kwenye vidole, waya haufanyi hivyo. Ngoja nieleze kwanini nasimamia upande wa kuzaliwa nayo. Mnyama akiwa bado tumboni, seli zinazotengeneza rangi zinaanzia kwenye mstari wa uti wa mgongo, alafu zinasafiri kuteremka ubavuni kuelekea tumboni, miguuni na usoni. Zikiwa chache au zikichelewa, sehemu za mwisho wa safari hazifikiwi. Sehemu gani hizo? Kwato na vidole, kifua, tumbo, ncha ya mkia na paji la uso. Nenda zizini kaangalie ng'ombe na mbwa wako, weupe umekaa humohumo: nyota ya paji, kifua, miguu, ncha ya mkia. Na shingoni hivyohivyo, maana rangi ya kichwa na rangi ya mwili zinatoka sehemu tofauti, zisipokutana katikati inabaki kola. Ndo maana kuna ng'ombe na nguruwe wenye mkanda mweupe. Wataalamu kitu hiki kwa wanyama wa porini wanaita leusizimu, tofauti na ualbino ambao rangi inakosekana mwili mzima na macho yanakuwa mekundu. Sungura wa mleta uzi ana macho ya kahawia. Inakaa kabisa.

Bi Mtungi
Daktari hapo kwenye ng'ombe nimetoka nje kuangalia mbwa wangu Simba, kweli kifua na vidole vyeupe na ncha ya mkia. Nimejifunza kitu leo, ubarikiwe.

Punda wa Kazi
Daktari umesema vizuri, sasa nieleze yule wa pili. Mabaka ya kiunoni. Kiuno kipo mgongoni, ndo mwanzo wa safari yako hiyo, kwanini hapo rangi ikosekane wakati ndo inapoanzia? Kiuno ni kucha za ndege. Sitoki hapo.

Vetinari wa Kata
Swali zuri na sina ugomvi, yule wa pili anaweza kuwa na mambo mawili, paji la kuzaliwa na kiuno cha kujeruhiwa.

Mwanafunzi Udom
Samahanini naingia kati. Paji la uso kwa huyu wa pili msilipe uzito. Kwa sungura pori wa vichakani doa dogo jeupe kwenye paji la uso ni kitu cha kawaida sana hasa kwa watoto, wengine linapotea wakikua, wengine wanabaki nalo. Huku kwetu kuna wawili mnaowaona kwenye nyasi na vichaka: huyo wa vichakani, na mwingine wa nyika tupu (Lepus capensis) anayependa nyasi fupi mahali mifugo inapolisha. Wa vichakani nyuma ya shingo ana manyoya ya rangi ya kutu, wa nyika shingo yake ni kahawia iliyopauka. Usiku wa mbalamwezi hiyo shingo inaonekana nyeupe kabisa. Mtoto wa Pahi ulimuona saa ngapi?

Mtoto wa Pahi
Jioni jua bado lipo, kama saa 11 na nusu. Rangi ya kutu nyuma ya shingo naijua hata kwa wa kawaida, hii ni nyeupe ya pamba.

Mlima Kolo
Wakuu mmesahau jambo moja kubwa. Kolo ni mawe. Kwenye ile miamba yenye michoro iliyoingizwa UNESCO mwaka 2006 kuna mazingira ya yule sungura wa mawe, mwekundu mwekundu. Huyo ni mnyama tofauti tena, sio Lepus wala sio wa kufuga. Makalio na miguu ya nyuma ina wekundu wa kutu, mkia ni wa kahawia hauna weupe chini, masikio mafupi kidogo, anakaa kwenye nyufa za miamba anatoka usiku, na akishtuka anapiga kelele kali. Kinyesi anakiacha sehemu moja mpaka linakuwa lundo. Huyo mtu asiyemzoea akimuona anasema ana mabaka kwa sababu kichwa ni kijivu na nyuma nyekundu.

Dada wa Singida
Huyo hata kwetu kwenye mawe ya Singida watu wanasema yupo. Ila mleta uzi kasema mkia mweusi na mweupe, ncha za masikio nyeusi. Wa mawe hana hiyo.

Mlima Kolo
Sijasema ni yeye, nasema wale wazee wanaohadithia sungura wa ajabu huenda wengine walimuona huyu. Mzee wa Haubi bila shaka wewe ulimuona mwenye shingo nyeupe, siongelei wewe.

Gari Bovu
Mimi natembea Dodoma Babati usiku, pale kati ya Kondoa na Bereko sungura ni wengi barabarani, wanaduwaa kwenye taa. Kuna wale wanaoruka kwa miguu miwili wana mkia mrefu wenye brashi nyeusi, macho yanawaka yanapanda na kushuka, sungura gani wale? Wanachimba mashimo kabisa pembeni ya shamba.

Mwanafunzi Udom
Huyo ni kamendegere mkuu, sio sungura kabisa, yupo kwenye kundi la panya. Ndo maana watu wakisema sungura pori wanachimba mashimo huwa wanamzungumzia yeye. Sungura pori wetu wa nyasi na vichaka hawachimbi.

Gari Bovu
Kumbe! Nimewaita sungura maisha yangu yote ya udereva. Nawaheshimu sasa napunguza mwendo.

Kibubu
Ulipunguza mwendo kwa kuwaheshimu au kwa mshikaki?

Gari Bovu
Kibubu acha hizo, mimi sili nyama ya barabarani.

Vetinari wa Kata
Na kwa yeyote anayesoma: kuwinda mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, hata sungura. Mtego Huru najua ulikuwa mtoto. Vilevile sungura mgonjwa au aliyekufa msimshike mikono mitupu, wana viroboto, kupe na magonjwa yanayoweza kuhamia kwa mtu, na upele wa ukurutu unaotoa manyoya. Ukurutu ndo kitu kingine cha kuangalia kwa yule wa kiunoni. Mwenye ukurutu utaona ngozi tupu yenye magamba, sio manyoya meupe.

Mtoto wa Pahi
Yule wa kiunoni sikumkaribia sana daktari, alikuwa kama umbali wa kurusha jiwe. Inaweza kuwa ngozi au manyoya, nikimpata tena nitaangalia kwa hilo jicho.

Njoroge wa Leicester
Salamu kutoka Uingereza. Hapa mashambani karibu na mji ninapoishi kuna sungura weusi tii wanaishi shimo moja na wale wa kahawia, na wengine wana soksi nyeupe na nyota usoni. Lakini kumbukeni wa hapa ni wale wale wa mashimo ambao wa kufuga walitoka kwao, kwa hivyo akitoroka mmoja wa banda anaoana nao bila shida, rangi zake zinabaki kizazi hadi kizazi. Wenyeji hapa hutaja sababu hiyo sana. Kwenu hiyo njia imefungwa kama daktari alivyosema, 44 na 48. Kwa hivyo kama hao wa Kolo ni wa porini basi weupe umezaliwa hukohuko ndani ya ukoo wao. Mimi niko upande wa daktari.

Mama Mabanda (Nyeri)
Njoroge karibu nyumbani. Umetaja weusi, huku Nyeri sijawahi ona wa porini mweusi.

Hamisi Denver
Nipo Colorado, sungura wa huku ni kabila lingine, mkia wa pamba, na wengi wana kidoa cheupe kwenye paji. Mwaka 2025 walitokea huku wenye vitu vyeusi kama pembe usoni, watu wakaogopa sana, vyombo vya habari vikawaita majina ya ajabu. Kumbe ni virusi vya uvimbe wa ngozi ambavyo Richard Shope alivieleza tangu miaka ya 1930, haviambukizi watu. Nasema hivi maana mleta uzi kauliza kama ni ugonjwa. Magonjwa yanaweza kubadilisha mnyama mpaka usimtambue.

Bi Mtungi
Pembe kwa sungura! Bibi yangu angefunga mlango wiki nzima. Yeye alisema ukiona sungura mwenye weupe mgongoni msimu wa mvua unakaribia na mvua itakuwa nzuri, na haruhusiwi kuguswa mpaka mtama uote. Mtoto wa Pahi mvua mlipata mwaka huo?

Mzee wa Haubi
Bi Mtungi, kwetu Warangi sikuwahi kuisikia hiyo, ila kutoguswa ni vizuri. Yule wangu wa Masange nilimwambia mwenzangu amuache, akamuacha.

Mtoto wa Pahi
Mvua zilikuwa za wastani dada. Ila hiyo ya kutoguswa nitawaambia wale vijana wanaotega, wakisikia imetoka kwa bibi wa mtu wanaweza kuelewa kuliko mimi nikiwaambia.

Shamba Darasa
Nimerudi. Sawa chotara mmelikataa. Vipi kuhusu kuzaliana ndugu kwa ndugu? Lile korongo limezungukwa na mashamba na makazi, sungura wakibaki wachache humo wanaoana wenyewe kwa wenyewe, mabaka yaliyojificha kwenye damu yanatokea. Mzee wa Haubi kaona zamani, sasa wametokea wawili pamoja. Mimi kwenye mbuzi wangu niliacha beberu mmoja muda mrefu, mabaka yakaanza kutokea kwa watoto.

Vetinari wa Kata
Hiyo sasa ni hoja ya maana. Jeni ya weupe mara nyingi inahitaji kutoka kwa baba na mama wote, ndugu wakizaana nafasi inaongezeka.

Dada wa Singida
Ila sungura anatembea, Shamba Darasa, usiku anavuka mashamba yote hayo kwenda kula kunde. Sidhani kama korongo linamfunga. Kutoka Pahi mpaka Masange hakuna ukuta.

Punda wa Kazi
Kucha. Naendelea kusema kucha.

Mtego Huru
Waya.

Mwanafunzi Udom
Kuna njia ya kupunguza huu ubishi. Manyoya ya kovu huwa yanabaki sehemu moja hata akibadilisha manyoya, na ya kuzaliwa vilevile, kwahiyo picha ya sasa haitoshi. Tunachohitaji ni watoto. Wakionekana watoto wadogo wenye ukanda, habari ya waya na kucha imekwisha. Kwenye idara yetu kuna kamera mtego (inajipiga yenyewe mnyama akipita), nitamuomba mwalimu wangu, ikishindikana utumie simu tu ila piga ubavu wote wawili, masikio na mkia vionekane, weka na kitu cha kupimia ukubwa pale alipolala baada ya kuondoka. Uziweke na kwenye mtandao wa iNaturalist uandike mahali, kuna watu wa nchi mbalimbali watakusaidia kutambua. TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) Arusha nao wanapokea taarifa za wanyama.

Mtoto wa Pahi
Shukrani sana mdogo wangu. Kamera ikipatikana nauli ya kuileta Kolo nalipa mimi. Nimeshaona kipenyo anachopita kati ya mbaazi na korongo, kuna kichaka cha mkwaju mdogo, majani chini yake yamelala umbo la mwili wake, urefu wa kama dhiraa moja, na vinyesi vya mviringo vikavu vya nyasi pembeni. Naamini ndo malalo yake.

Mwanafunzi Udom
Usiisogelee sana hiyo malalo, akinusa mtu mara kwa mara anahama. Kamera tutaifunga kwenye kipenyo, urefu wa goti, isielekee mashariki jua likichomoza inaharibu picha.

Mtego Huru
Na kama ni kwenye kipenyo ukague waya kwanza kaka. Pita na fimbo chini chini. Ukivikuta ving'oe.

Mtoto wa Pahi
Nimepita leo asubuhi, nimevikuta viwili, nimeving'oa vyote. Kimoja kilikuwa kimekaza na manyoya ya kahawia yamebaki kwenye fundo. Meupe hayapo.

Punda wa Kazi
Hongera kwa kuving'oa. Manyoya hayo yahifadhi kwenye karatasi, sio nailoni, mpe huyo mwanafunzi.

Kijana Mpwapwa Mjini
Habari wakuu, nimesoma uzi wote tangu juzi. Sikutaka kufungua uzi mwingine, huku kwetu karibu na reli ya Gulwe kuna sungura ana sikio moja jeupe lote, jingine la kawaida, mbio ni za porini. Nani anisaidie, hii nayo ni safari ya rangi haikufika au ni jeraha?

Mtoto wa Pahi
Karibu Mpwapwa. Ncha ya hilo sikio jeupe ina weusi au nayo nyeupe? Na mkia ulikuwaje?